Muunga Picha wa Doringkloof

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Dada Nozibele Matiwane anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, kutoka Hifadhi ya Picha ya mji wetu wa Doringkloof. Nimekaa meza jirani na yake tangu 1997, hivyo nimepewa kazi ya kumuaga, na nimeonywa nisitie chumvi. Sina haja. Mambo ya hapa yalikuja na chumvi yake.

Enzi za ubaguzi, mji uliamuru picha za weupe zikae Jengo A na za weusi Jengo B. Ikaulizwa: je, picha yenye wote wawili ikae wapi? Karani wa wakati huo, mzee Terblanche, akajibu kwa mkasi. Alikata kwa miaka ishirini na sita. Mbwa walibaki Jengo A bila maswali.

Kwa hiyo mwaka 1994 Nozibele alikuta Jengo A kuna meya anachekelea sinia la chai linaloelea, na Jengo B kuna mpishi amenyoosha kiganja kama anayeomba mvua. "Jamani, hawa watu wanatafutana," akasema, akaanza kuwaunganisha.

Nusu zile hazikuwa na namba. Yeye, mtoto wa watu wanaomsifu hata ng'ombe kwa beti, akatunga: mshororo mmoja nyuma ya nusu hii, mwenzake nyuma ya ile, ili zisipoteane tena. Tunaoupenda zaidi ni wa mke wa meya:

Mwavuli umesimama, hewani wajishikia,
Kumbe chini kuna mama, jua linamwangukia.

Mkaguzi alitumwa kutoka Pretoria kuja kudai namba badala ya mashairi. Siku ya tatu akamkuta shangazi yake katika jozi ya mapipa ya maziwa. Ripoti yake tunayo kabatini, na ina vina.

Jozi 4,112 zimeungana. Moja ilimshinda. Ni nusu ya mwaka 1961: msichana wa kazi ameinama, anacheka, mikono imekatwa kwenye vifundo. Huyo ni Mama Nowinile, mama yake mzazi. Nozibele alikuwa na mwaka mmoja, yuko kijijini kwa bibi, kwa kuwa mama alikuwa mjini akilea watoto wa wengine. "Nataka tu kujua alikuwa amemshika nani," alituambia mara moja, bila kutabasamu. Mama mwenyewe alilea kumi na tisa katika nyumba saba, hakumkumbuka.

Jumanne, kwa ajili ya sherehe hii, kila mmoja alileta picha yake ya utotoni tubahatishe nani ni nani. Bwana Gawie Terblanche wa Jengo A, mwana wa yule karani, alileta fremu ya sebuleni kwao: yeye, mtoto mdogo, wima kwenye nyasi. Nyuma baba yake ameandika, "Gawie asimama peke yake." Kwapani mwake kuna mikono miwili myeusi. Sote tulisema, "Lo, mtoto mzuri!" Nozibele aliweka kikombe chini, akaenda kuleta nusu yake. Zikaingiana mpaka kwenye uzi wa gauni.

Jana Mama Nowinile, mwenye miaka themanini na minne, aliletwa aione. Akamtazama Gawie, mzee mwenye upara anayelia kwenye leso.

"Ulikuwa mzito wewe," akamwambia. "Na nilipokuachia, ulianguka."

"Nisamehe, Mama. Sikuwahi kuiona hii mikono."

Mama alimgeukia bintiye. "Na wewe je, mwanangu? Siku uliyosimama, nani alikushika? Mimi sikuwepo."

Nozibele alipiga magoti, akaishika mikono ile ya mama yake, na sisi tukatoka nje mmoja mmoja.

Jozi hiyo haina shairi, na hatutamwomba.

Asante, Dada Nozibele. Kuanzia kesho huna wa kumwahi asubuhi ila mama yako. Kaeni pamoja, mle vizuri, na Mungu awape miaka mingi ya kushikana.