Bi Punguza Anaondoka, Sheria ya Mashine Tupu Inabaki

Nina miaka sabini na moja. Nimezika kaka zangu wawili, nimeona wakurugenzi wanne wakija na kuondoka, na daktari aliyeniambia tumbaku itaniua nilikwenda kumzika mwenyewe. Mashine za taipu nimezitoa stoo kwa mikono hii, faksi nimezitoa, disketi nimezichoma nyuma ya jengo. Kwa hiyo nikiambiwa niandike habari za mtu anayestaafu, nafaa, ingawa shule niliishia darasa la nne na mhariri wa jarida hili amenipimia ukurasa mmoja kama anayemgawia mgonjwa uji.

Bi Punguza anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Jina hilo alipewa na mafundi wa ghorofa ya pili, kwa sababu kila walichompelekea alikirudisha na neno hilo hilo moja.

Kwa wasiojua, hapa tunatengeneza programu huria ya kuandikia wagonjwa na dawa. Huria maana yake yeyote anaichukua, anaitumia, anaifungua aone ilivyoundwa, wala haombi ruhusa kwa mtu. Inasafiri ikiwa imefungwa pamoja na kila inachohitaji, mzigo mmoja, na mzigo huo mafundi wanauita imeji. Unakaa kwenye ghala la mtandaoni. Zahanati inaupakua, inausimamisha kwenye kompyuta yake, kazi inaanza. Ndivyo wanavyosema.

Bi Punguza alipokabidhiwa shughuli hiyo, imeji ilikuwa kama mtu anayehama nyumba akabeba hadi mafiga. Zahanati yenye mtandao wa kusuasua ilianza kupakua asubuhi, saa kumi jioni mtandao unakatika, wanaanza upya. Mafundi wetu walishangaa, maana hapa kwetu ilishuka kabla chai haijapoa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yeye akaifungua, akakuta humo vifaa vya mafundi vya kuundia programu, picha za majaribio, hata hotuba ya mkurugenzi wa zamani ya dakika arobaini. Alitoa kimoja kimoja kwa miezi mitano. Kilichobaki hakikufika hata moja ya kumi ya ule uzito, tena kimepangwa kwa matabaka, ili mtandao ukikatika upakuaji usirudi mwanzo.

Halafu akanivamia mimi. Alileta stoo kwangu kompyuta iliyofutwa kila kitu, akaniwekea karatasi ya maelekezo, akasema, "Mzee, fuata kama ilivyoandikwa. Usibuni, usiulize." Sheria yake ilikuwa kwamba toleo jipya halitoki mpaka mtu asiye fundi alisimamishe kwenye mashine tupu. Mtu huyo nimekuwa mimi kwa miaka tisa. Naandika kwa kidole kimoja. Siku ya kwanza nilianza upya mara kumi na tisa, na kila nilipokwama hakunilaumu, alirekebisha karatasi. Iliudhi. Jaribu wewe kukwama mbele ya mwanamke anayeandika daftarini jinsi unavyokuna kichwa. Lakini maelekezo ya hatua thelathini na moja yakawa hatua nne. Cheti cha pongezi alipewa yeye, ingawa nusu yake ni kidole changu.

Mwezi uliopita sheria hiyo ilitaka kufa. Mkuu wa idara alitaka toleo litoke Ijumaa bila majaribio yangu, kwa sababu Jumatatu zahanati sitini zilikuwa zinaacha madaftari na kuanza kutumia programu.

"Mama, wewe unaondoka," alimwambia Bi Punguza mlangoni pa stoo, nami nimekaa hapo hapo. "Utatuachia huyu mzee atuzibie njia mpaka lini?"

"Akikwama yeye, amekwama muuguzi. Kaa uone."

Nikaanza. Hatua ya pili, mashine ikaniomba nywila. Karatasi haikutaja nywila. Fundi mmoja wa ghorofa ya pili akaniinamia begani. "Babu, umekosea herufi." Nikaandika tena. Nywila. Akaenda kwenye kompyuta yake, imeji ikashuka bila neno. "Kwangu inakubali," akasema. Huo ndio wimbo wao wa taifa.

"Kwako umeshaingia kwa jina lako," Bi Punguza akamwambia. "Toka, halafu ujaribu."

Akatoka, akajaribu. Nywila.

Ghala lilikuwa limefungwa. Walipoweka imeji mpya walisahau kulifungua kwa umma, na kwa kuwa kila fundi ana ufunguo mfukoni, hakuna aliyeiona kufuli. Mimi ni mtunza stoo, mlango uliofungwa naujua. Jumatatu ile wauguzi wa zahanati sitini wangebaki nje, wagonjwa wako kwenye foleni na madaftari yameshaondolewa. Mkuu wa idara akaomba kalamu, akaitia sheria sahihi iwe ya kudumu, Bi Punguza awepo asiwepo.

Nikajua kiti ni changu mpaka kaburini. Wiki iliyopita Bi Punguza akaniondoa. Anasema miaka tisa imenifundisha mno, kwamba maelekezo yakiruka hatua naijaza mwenyewe bila kujua. "Umeshakuwa fundi, Mzee. Hufai tena." Kiti amempa mlinzi wa getini, mtu aliyetafuta herufi ya A dakika nzima huku mimi nimesimama nyuma yake, nimekatazwa kufungua mdomo. Siku mbili sikumsalimia huyo mama. Siku ya tatu nilimpelekea chai, maana kweli ni kweli: mlinzi alikwama hatua ya tatu. Karatasi haikusema usubiri mzigo ushuke wote kwanza. Mimi nimepita hapo miaka na miaka bila kuliona shimo.

Bi Punguza, umetuchosha na umetufaa. Asante kwa niaba ya wauguzi ambao hawatakujua kamwe. Tunakuombea magoti yasiyouma, usingizi mzito, na wajukuu wasiokuuliza mambo ya kompyuta.

Anayebisha haya amuulize mama wa chai, aliyekuwa mlangoni na sinia yake siku ile ya nywila, au mkuu wa idara, ambaye hanipendi na kwa hiyo hawezi kunipendelea.