Kutu ya Mwanangu

Basi lilikuwa limekwishaondoka mama alipoanza kusimulia. Alikuwa anatoka kwenye maonyesho ya mwanawe ya sanamu za chuma na vioo, yaliyokuwa yafunguliwe jioni ile, na fahari ilikuwa imemjaa hadi kooni. Jirani yake wa kiti, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amebanwa dirishani, hana pa kukimbilia.

"Mwaka mzima analihangaikia lile dude lake kubwa, kumbe limejaa kutu! Alipokwenda kuoga nikasema hapana, watu hawatamcheka mwanangu nami nipo. Nimelisugua kwa msasa na mafuta mpaka linang'aa."

Fundi akageuka taratibu. "Mama, kutu hiyo ilijiotea, au aliipalilia?"

"Nani anapalilia kutu, baba? Umelelewa wapi wewe?"

"Wasanii wanaimwagia maji ya chumvi ili iote, mama. Wanaingoja kama mtoto wa kwanza."

Mama akashusha sauti. "Na vile vipande vya vioo chini yake?"

"Usiniambie."

"Nimevifagia. Wageni wangejikata."

Fundi akacheka mpaka akaegemea kiti cha mbele. "Rudi ukamwambie kabla wageni hawajafika."

"Nikaombe radhi kwa usafi? Mimi niliyemfundisha kuosha vyombo?" Lakini mkono wake ulikuwa umeshabonyeza kengele.

Basi likasimama. Mama alishuka, akavuka barabara, akapanda linalorudi. Fundi alipitiliza kituo chake kwa kucheka. Vioo viliokotwa kwenye pipa la taka, vikarudishwa mahali pake. Dude lilionyeshwa liking'aa kama sufuria mpya, na mwanawe alimwambia kila aliyeuliza kwamba mama ndiye aliyelimalizia.