Siku Chorale Ilijaa ku Piste

Bandugu na bamama, leo musiniite commandant. Njo mimi nilikuwa naendesha ile ndege ndogo yenye iliangukia mu shamba ya biazi. Bengine muliniombea, bengine mulinisema. Leo nasema mwenyewe.

Ile asubui nilitoka Beni na maiti ya baba mumoja, pamoja na muke yake mwenye alikuwa anaisindikiza, juu barabara ilikuwa ya kuogopa. Munajua desturi yetu: maiti ikikuja na ndege, famille na chorale, baimbaji ba kanisa, banaenda kuipokea. Ile siku baliingia mpaka ku piste ya Rughenda, pale ndege zinatuaka, banaimba, banalia. Nani angekataza kilio?

Tulipokaribia, moteur, injini ya ndege, ikazimika. Iko moja tu. Procédure, sheria ya kazi yetu, inasema wazi: kama unaweza kufikia piste, utue ku piste. Na nilikuwa naweza. Mais niliangalia chini nikaona nguo nyeupe za chorale, zimejaa. Bila moteur, kuzunguka tena hapana. Nikageuza, nikashuka mu biazi.

Mimi nilitoka muzima. Ule mama, muguu yake balikata ku hopitali.

Ndugu zangu, nawaambia, kuanguka kwangu kulianza kisha pale. Bakubwa ba kazi balisema: "Ungefuata procédure. Batu bangekimbia, kila mutu anakimbiaka ndege." Bakanifukuza. Na mimi nikaanza kujiuliza. Pengine bangekimbia kweli. Mais ndege bila moteur inakuja kimya, na bao banaimba, bangesikia nini? Sijui. Hata leo sijui. Nikaanza kushinda ku kasiksi, ile pombe ya ndizi, bibi yangu wa ndoa akachoka na ile pombe, akarudia kwao Luofu. Hapa kanisani niliacha kukuja, juu sikutaka kuona ule mama na magongo yake.

Njo yeye akapanda mulima mpaka kwangu. Hakunisalimia vizuri, nasema kweli. Alisema: "Papa, huu muguu unaniuma hata penye hauko. Kuko siku nakuchukia. Mais batoto bangu bote bane balikuwa ku ile piste, mbele kabisa, na musalaba." Kisha akaomba maji ya kunywa, akakaa pale mpaka nikamaliza kulia.

Namushukuru ule mama. Nashukuru bashemasi benye baliniondoa ku pombe bila kunichekelea, na bibi yangu mwenye alirudi. Kazi, habajanirudishia.

Bavijana, procédure muiheshimu. Iliandikwa juu batu balikufa. Mais inaweza kufika siku utachagua wewe mwenyewe, na utabeba kile ulichagua. Usikibebe peke yako kama mimi.

Na ninyi ba chorale, bengine munaniangalia sasa na zile nguo. Sitawauliza kama mungekimbia. Nafurahi tu kuona muko bote.