Bi Zainabu, Matuta na Matumbawe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Zainabu binti Shekue wa Mgwashi, aliyefariki mwezi uliopita. Mtu wa mlimani, lakini habari zake zinaanzia baharini.

Aliolewa Pangani. Huko, maji yakipwa, wanawake huenda mwambani kutafuta pweza. Zainabu alikuwa na maswali yule! Aliuliza mpaka akaelewa kwamba matumbawe si mawe. Ni vijidudu hai, vinajenga pole pole, mwaka mzima upana wa kidole tu. Vinataka chumvi, jua na maji maangavu. Tope likivifunika, vinakufa. Samaki nao wanahama.

Mwaka mmoja wa mafuriko alikuta mwamba umefunikwa na tope jekundu. Akalichota, akalifikicha. Ulikuwa udongo wa kwao, umeteremshwa na mto.

Mumewe alipofariki, akarudi Mgwashi. Hiyo ni 1964. Akamkuta mdogo wake Hamisi anabomoa matuta yanayozuia udongo kuporomoka katika shamba la baba yao. Matuta yalikuwa amri ya mkoloni, na Uhuru umekuja. Wengi walibomoa.

Mzee Hamisi anasimulia: "Dada akapanda juu ya tuta. Akasema, 'Hamisi, mkoloni kaondoka, mteremko upo. Udongo huu nimeukanyaga baharini.' Nikacheka. Mgwashi na matumbawe wapi na wapi? Tukagawana shamba. Yeye akatunza matuta yake, mimi nikabomoa yangu. Tangu hapo nilimpa shikamoo, basi. Hatukula tena pamoja."

Kijijini wakamwita Bi Matumbawe. Yeye hakujali. Kila mgeni kutoka Pangani alimwuliza hali ya mwamba, na kila mgeni alimjibu: tope tu.

Baada ya maziko, Hamisi aliwasindikiza wakwe wa dada yake mpaka Pangani. Maji yalipokupwa, akaenda mwambani.

"Nilizama tope mpaka vifundoni. Kisha nikaliona tumbawe moja, dogo kama ngumi. Li hai! Visamaki viwili vimejificha chini yake. Nikageuka nimwambie dada."

Hapo mzee alilia, nasi tukamwacha.

Mzee Hamisi, na ukoo wote wa Shekue, poleni sana. Mungu amrehemu Bi Zainabu. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, mvua ikinyesha leo tutoke nje. Tuyatazame maji yanayotoka mashambani mwetu. Yana rangi gani?