Risala ya Wapiga Makasia Siku ya Kuzindua King'ora cha Bwawa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Bwawa. Wakuu mliofuatana naye. Mafundi wa mitambo mlioshuka kutoka ukutani. Majirani zetu wa kando ya mto. Wageni wetu wa zamani mliowahi kupanda mashua zetu mkalowa hadi soksi. Na ninyi wa familia mlioketi safu ya mbele. Turubai halikuwatosha wote, kwa hiyo tunawashukuru hata mliosimama juani.

Makaribisho

Mgeni rasmi, karibu mtoni. Wewe umezoea kuyaona maji haya kutoka juu, yakiwa yametulia nyuma ya ukuta. Sisi tunayapokea huku chini, yakishatoka milangoni. Karibu uyaone karibu, ila usisogee sana pale gatini, pana utelezi. Jana katibu wetu alianguka akiwaonyesha wenzake mahali pa kutokanyaga.

Risala hii ilikuwa isomwe na mwenyekiti wetu. Kwenye kikao cha juzi akasema hataweza kuifikisha mwisho, ndiyo maana mnaniona mimi. Kwa msionifahamu, mimi ndiye mpokea wageni wa kikundi, ninayeshika simu pale bandani. Na marehemu ambaye mtamsikia humu, tuliyemwita Nahodha, alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Nikisita mahali, naomba mnivumilie.

Tulikotoka

Kikundi chetu kilianza bwawa lilipokamilika. Wengi wetu ndio tuliolijenga: mmoja alichanganya zege, mwingine aliendesha katapila, Nahodha alipika kwenye kambi ya wajenzi. Kazi ilipokwisha tulipewa mkono wa kwaheri, tukabaki tunautazama mto. Nao ulikuwa umebadilika. Milango ikifungwa, unavuka kwa kurukaruka mawe na viatu vyako vikavu. Ikifunguliwa, maji yanashuka kwa kasi yenye povu, kiasi cha kumfanya mtu apige kelele na kucheka kwa wakati mmoja.

Wapima ardhi walikuwa wameacha mashua ya mpira iliyotoboka. Nahodha akaiziba kwa viraka vya fundi baiskeli, akaingia nayo majini. Akapinduka. Akaiziba tena. Tulijifunza hivyo, kwa kupinduka, mpaka kila jiwe tukalipa jina. Kuna Ngazi, maana unashuka ukihesabu vishindo. Kuna Kikaango, kwa jinsi maji yanavyochemka pale. Na kuna Mkwe, kwa sababu ya tawi linalokulazimisha uinamishe kichwa ukipita. Si maji ya kutisha, mgeni rasmi. Mtu mwenye moyo wa kawaida na jaketi la kuokolea lililofungwa vizuri anafika chini salama, akiuliza kama anaweza kurudia.

Mwendesha mitambo mmoja wa bwawa alikuwa na tabia ya kupita hapa akitoka zamu, akituambia maji ya kesho yatakuwaje. Alianza kwa kutuambia sote. Baadaye tukaona anamwambia Nahodha peke yake, halafu Nahodha anatuambia sisi. Walipooana tulimtania dada kwamba wenzake huletewa maua, yeye kaletewa maji. Akajibu, "Maua yananyauka." Mungu akawajalia binti mmoja. Yumo humu, amevaa sweta ya shule.

Mafanikio

Tumefundisha watoto wa shule za jirani kuogelea. Tuna waongozaji wanawake, jambo ambalo mwanzoni lilichekwa hata na baadhi yetu wenyewe. Katika miaka yote ya kazi, mgeni hata mmoja hajatupotea, na siku ile tutakayoieleza imo humohumo. Tulikuwa tumeandika na mengine, tukayafuta. Yalionekana madogo.

Changamoto

Mgeni rasmi, itifaki inatutaka hapa tuorodheshe upungufu wa vifaa na ubovu wa barabara. Barabara umeiona mwenyewe ukija. Sisi tunaomba tueleze jambo moja tu.

King'ora cha zamani kiliharibika mvua za mwaka juzi. Mafundi wa bwawa walitoa taarifa, wakaambiwa wasubiri. Katika kusubiri huko tukapanga utaratibu wetu: kabla ya kuongeza maji, mwendesha mitambo anapiga simu bandani, mimi nachukua kitambaa chekundu, nakimbia darajani, nakitundika. Mashua ikikiona haipiti daraja, inakaa ukingoni. Utaratibu huo ulitufaa misimu yote miwili.

Siku ile huku kwetu anga lilikuwa jeupe. Mashua mbili ziliondoka asubuhi. Moja ya mwenyekiti, moja ya Nahodha. Yeye alikuwa amebeba maharusi wapya, mwalimu mmoja, na mama mstaafu wa cherehani aliyeletwa na wanawe kama zawadi, mwenyewe hataki. Mama yule alipanda akisema, "Mimi nimeishi miaka yote hii bila kulowa, leo mnanitafutia nini?" Nahodha akamfunga jaketi na kumwambia, "Mama, ukilowa mimi nitakukausha kwa mikono yangu."

Kumbe huko juu, mbali, mvua ilikuwa imenyesha kucha. Maji ya bwawa yalikuwa yanapanda kwa kasi ambayo haijaonekana. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa zamu. Simu ikaja kutoka makao makuu, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye mitambo, na fundi mwenzake aliyekuwepo akayasikia yote. Amri ilikuwa afungue milango miwili kwa pamoja.

Shemeji akasema, "Mkuu, naomba dakika chache niwapigie watu wa mtoni. Wako majini saa hizi."

Akajibiwa, "Fungua sasa. Watu wa mtoni utawapigia ukishafungua."

Akasema, "Mkuu, mke wangu yuko huko."

Akajibiwa, "Ndiyo maana nakwambia fanya haraka, umalize, upige."

Akafungua. Kisha akapiga, nami nikapokea mlio wa kwanza. Hakunisalimu. Alisema, "Shemeji, kimbia." Nilikimbia. Nilifika darajani, nikaona povu la makasia yao limeshapita chini yangu na kukata kona. Nilikitundika kitambaa hivyohivyo. Sikuwa na jambo jingine la kufanya.

Yaliyofuata tumeyapata kwa mwenyekiti na kwa wageni wenyewe. Walikuwa wamefika Kikaango. Nahodha akaona maji yamegeuka rangi, yamejaa majani na vijiti, na yale mawe aliyozoea kuyapimia njia hayaonekani. Akapiga kelele, "Ukingoni! Wote ukingoni!" Mwenyekiti alikuwa nyuma kidogo, akawahi kutoka na watu wake. Mashua ya Nahodha ilikuwa katikati. Ikasukumwa, ikabanwa kwenye lile jiwe kubwa lililo peke yake, naye akawapandisha wageni wote juu ya jiwe kabla haijachanika.

Mwenyekiti akawarushia kamba. Nahodha akaishika upande wake, wanaume wakaishika upande wa ukingo, na wageni wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wamefungwa kwenye kamba, maji yakiwapiga kifuani. Bibi harusi akavuka. Mumewe akavuka. Mwalimu akavuka akilia. Akabaki mama wa cherehani, ameganda.

"Mwanangu, mimi siwezi. Nenda wewe. Wewe una mtoto."

Nahodha akamfunga kamba kiunoni huku anamwambia, "Na wewe una wajukuu. Usinitazame mimi, mama. Mtazame yule kaka mwenye kofia, umwendee yeye." Akamsukuma taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni.

Mama akafika. Yuko hapa leo, amekaa na mkongojo wake. Amekuja kwa mabasi mawili.

Ilipofika zamu ya Nahodha hapakuwa na wa kumshikia kamba upande ule, na jiwe lenyewe lilikuwa limeshafunikwa, anaonekana kama amesimama juu ya maji. Mwenyekiti akarusha kamba, akaidaka, akajizungushia mkononi, akaruka. Walivuta. Mwenyekiti anasema kamba ilikuja nyepesi. Hajasema zaidi ya hapo, nasi hatumuulizi.

Wakulima wa mboga walimkuta kesho yake, chini huko, jaketi lake limefungwa vizuri kama alivyotufundisha.

Lakini jioni ileile, kabla hatujawa na hakika, shemeji alifika bandani na sare yake ya kazi. Akauliza, "Wote wametoka?"

Mwenyekiti akamwambia, "Wageni wote wametoka."

Akasema, "Sijauliza wageni."

Akakaa chini palepale mlangoni, kwenye makasia yaliyolowa.

Baada ya mazishi, bwawa lilitoa taarifa. Ilisomwa redioni na kubandikwa getini, na bado iko pale, mvua imeifuta nusu. Inasema ajali ilitokana na uzembe wa mwendesha mitambo, ambaye hakutoa tahadhari kwa wakati, na kwamba ameachishwa kazi. Haisemi lolote kuhusu simu. Tulimsihi akate rufaa, fundi mwenzake akajitolea kuwa shahidi. Alikataa. Aliniambia, "Shemeji, mkono uliobonyeza ni wangu." Ukimwambia aliamriwa, anakuitikia kwa adabu kama anavyoitikia watu wanaomsalimu njiani, halafu anaendelea na alichokuwa anafanya. Sasa anatuzibia mashua. Majini haingii.

Mgeni rasmi, haya yangekuwa ya watu wazima, tungeyabeba. Lakini binti yao anapita getini kila siku kwenda shule, na anajua kusoma. Shuleni wakamwambia wanayoambiana watoto. Siku moja alikuja bandani, akasimama mbele ya meza yangu, akaniuliza, "Mama mdogo, ni kweli baba alimfungulia mama maji?"

Nilimweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo mnayasema ninyi kwa sababu mnampenda. Kwenye karatasi haijaandikwa hivyo." Tangu siku hiyo anaishi kwangu. Baba yake huja jioni, anamletea daftari au kandambili, anasimama nje. Mtoto anavipokea na kusema asante. Hamwiti baba.

Maombi

Ombi la kwanza linahusu king'ora unachozindua leo. Tunakishukuru, ni kizuri, na tumeambiwa kinasikika hadi mjini. Tunaomba kitufe chake kiwe chini ya mkono wa aliye zamu, na awe na ruhusa ya kukibonyeza kabla ya kufungua mlango wowote, bila kumuuliza mtu, hata simu ikiwa inamwambia aharakishe.

Ombi la pili tumelijadili vikao vingi, na wapo kati yetu waliotaka lisitajwe. Tunalitaja.

Mgeni rasmi, kabla hujawa Mkurugenzi ulikuwa mhandisi wa zamu makao makuu. Ile sauti iliyokuwa kwenye spika ilikuwa yako. Unajua kwamba tunajua. Uliposhuka garini ukatusalimu, mwenyekiti alishindwa kuitikia, nawe ukainamisha macho.

Hatukukualika ili tukuaibishe mbele ya waliofuatana nawe. Tulipomwambia shemeji kwamba ni wewe utakayekuja, alisema tusikuseme vibaya. Alisema maji yalikuwa yanagusa ukingo wa ukuta, na ukuta ungeachia, kusingekuwa na mto wala mji, na kwamba nawe uliogopa kama yeye alivyoogopa. Ni yeye aliyekutetea, mgeni rasmi. Wakati huohuo jina lake liko getini na lako halipo.

Hatuombi arudishwe kazini. Mwenyewe hataki hata kuupanda ule mlima. Hatuombi fidia. Hatuombi mtu yeyote afukuzwe. Tunaomba ile karatasi ibanduliwe, na iandikwe nyingine yenye yale yaliyosemwa kwenye simu, ya pande zote mbili, pamoja na lile neno lake, "Mke wangu yuko huko."

Na kabla ya karatasi, kwa kuwa karatasi zinachukua muda, tunaomba jambo la leo. Binti yuko safu ya mbele. Baba yake yuko kule nyuma, karibu na mashua, alikataa kiti. Mtoto haamini maneno yetu sisi, kwa kuwa tunampenda baba yake. Wewe humpendi wala humchukii, na ulikuwepo. Tunaomba umwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba baba yake aliomba muda akanyimwa.

Hatutakupigia makofi, kwa sababu si jambo la makofi. Tutakaa kimya tukusubiri. Kipaza sauti nakiweka mezani, mbele yako.

Mungu akulinde katika kazi hii nzito ya kukaa juu ya maji, awalinde walio nyumbani kwako wakutazamao, amlaze dada yetu mahali pakavu penye mwanga, na akujalie ujasiri wa saa hii moja.

Ni sisi,
Kikundi cha Wapiga Makasia wa Chini ya Bwawa