Historia ya Marehemu Nesi Ghati, Aliyekataza Kanga Kufuliwa

Ndugu waombolezaji, marehemu Ghati Benedicto alizaliwa Itiryo, wilayani Tarime, tarehe 14 Machi 1972, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1980 hadi 1986, kisha sekondari, na mwaka 1994 akahitimu chuo cha uuguzi, akapangiwa zahanati iliyo jirani na machimbo ya dhahabu, wakati watu wakimiminika huko kutoka kila mkoa.

Mmoja wa waliomiminika alikuwa Malimi, mchimbaji kutoka Usukumani, wakafunga ndoa kanisani tarehe 6 Septemba 1997, wakajaliwa Rahabu na Sospeter.

Mwaka 1999 mama mmoja wa Susuni alijifungua mikononi mwa Ghati, shangazi za mama huyo wakawahi kufua kanga zilizolowa damu, maana waliona aibu damu ya uzazi ionwe na wanaume, Ghati akakuta kanga safi, akadhani mambo ni shwari, na yule mama akafa kwa kutokwa damu kabla jua halijazama. Kosa hilo hakumsukumia mtu. Alilisimulia katika kila mafunzo aliyoendesha tangu 2003, Tarime na Serengeti, akimwaga maji mekundu juu ya kanga na kuwataka wauguzi wakadirie ni vikombe vingapi, na kukataza kanga ya mzazi kufuliwa kabla muuguzi hajaiona, na mganga mmoja kule Natta aliyecheka alirushiwa kanga hiyo usoni.

Tarehe 9 Juni 2009, saa nne asubuhi, alijifungua mtoto wa kike, ambaye yu mzima, katika zahanati yake mwenyewe, akihudumiwa na Boke, mwanafunzi wake, damu ikaanza kumwagika, Boke akaiwahi, akamchoma sindano, akamkanda tumbo, akamwekea dripu, akaita gari, lakini barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa kwa vurugu za machimboni, na damu ya kumwongezea ilikuwa huko. Alifariki saa saba mchana, njiani, akiwa na miaka thelathini na saba. Inauma, hatuna namna nyingine ya kusema.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliochimba kaburi, na wenzake wa kazini. Tumewasikia pia wanaonong'ona hapa msibani kwamba Boke amemuua mwalimu wake, nasi familia tunasema basi, kwani Ghati mwenyewe, akiwa garini, alimwambia mumewe kwamba binti huyu hakukosea hata hatua moja. Boke, dada yetu, siku ya tatu leo hujala, zahanati imefungwa, na kina mama wanafika mlangoni na matumbo yao, wanarudi kuzalia nyumbani. Tukishazika, nawa, ule, ukafungue.

Ghati, lala salama.