Weita Aliyekaribishwa Mezani

Kwenye basi la Kitui, viti vya pembeni yangu, mzee mmoja alikuwa anamweleza mama aliyeketi naye jinsi binti yake Syombua alivyompeleka hoteli ya Wamexico huko Nairobi.

"Ni mahindi na maharagwe, yamefungwa ndani ya chapati."

"Umetoka nyumbani mpaka Nairobi kula isyo, githeri yetu ya kila siku?"

"Ngoja. Weita anakuja, anasimama hapo: 'Chakula kiko aje?' Anaenda, anarudi: 'Chakula kiko aje?' Nikaona huyu ana njaa. Nikamvutia kiti, nikamwambia karibu, nawa mikono tule."

"Mbele ya watu! Na Syombua?"

"Alijifunika uso na menyu. Sasa wewe, mtu akikusimamia ukikula, utamnyima?"

"Hiyo ni kazi yake, mzee! Umeaibisha msichana wa watu."

Huyo msichana wa watu ni binti yake mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa Syombua kabisa.

Basi likasimama Machakos. Mama akafungua mkebe wake wa isyo, akainua kijiko, akaona ninamwangalia.

"Karibu tule," akaniambia, kabla hajafikiria.

Mzee akageuka pole pole, akanitazama.

"Nawa mikono," akasema.